Mnara wa Njiwa na Alama za Njano

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetukanwa na ramani! Ramani mpya ya Matembezi ya Makasri imebandikwa leo ukutani kwa meya. Makasri matatu. Ngome ya Montferrac, juu ya jabali: sawa. Kasri la Vaubrune, lenye tausi: sawa pia. La tatu, Magofu ya Peyrichou. Magofu! Nusu ukuta na mbuzi juu yake! Peyrichou ni mume wa dada yangu Huguette, na tangu amwoe hajawahi kunishinda kwa jambo lolote akanyamaza.

Mnara wangu wa njiwa una kuta zote, una paa, una mlango. Haumo.

Nimekwenda kwa meya, Bibi Castaing. Akaniambia kwa upole kwamba nyumba ya njiwa si kasri. Nikamwuliza, na banda la mbuzi je? Akashusha pumzi. Mwishowe akasema basi, watembezi wakipita kwangu Jumapili na wakaupenda mnara, atauchora. Tatizo: njia yao inafuata mto, haifiki kwangu.

Kwenye duka la mkate Peyrichou alikuwa ameshasikia. Akaniuliza mbele ya watu kama malkia wa kasri langu ameshataga. Watu hawana mbavu. Cheka, shemeji. Cheka tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango umekuja nikiwa nanyoa ndevu. Nimejikata, lakini umekuja!

Watembezi hawasomi ramani. Wanafuata alama za rangi ya njano kwenye miti na mawe, kama kuku wanaofuata punje za mahindi. Mstari: endelea. X: si huku, rudi. Peyrichou ndiye aliyekuwa akizipaka miaka yote, hadi magoti yalipomgomea. Lakini brashi hazikuzaliwa naye. Nimenunua kopo zima.

Kikwazo ni kimoja. Kati ya mto na mnara kuna msitu wa mialoni, na ndani yake kuna Mahali pa Mama. Hata humu naandika kwa kunong'ona. Uyoga! Wa kahawia, mnono kama mapaja ya mtoto mchanga, kila vuli. Mama alinitajia mahali penyewe siku zake za mwisho, amenishika mkono: usimwambie mtu, na huyo Peyrichou ndiyo kabisa. Ni kitu pekee nilicho nacho mimi ambacho yeye hana. Kila vuli ananinyatia akijificha nyuma ya vichaka, na tumbo lile! Nimeshampitisha kwenye matope, kwenye miiba, na mwaka jana kwenye zizi la fahali. Ah, mwaka jana ulikuwa mtamu.

Sasa watembezi wasije wakapakanyaga. Hapo ndipo akili inapoonekana. Nitapazungushia X! Mtu akiona X anageuka. Nimejipongeza kwa glasi ya divai. Halafu nyingine, maana mpango wenyewe ni mzuri mno.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kazi imekwisha! Nimetoka alfajiri, ukungu kila mahali, brashi mkononi. Mistari kutoka birika la zamani la kufulia, pale mtoni, hadi mlangoni kwangu. X kwenye kila mwaloni unaozunguka Mahali pa Mama: kubwa, nzuri, mtu asije akasema hakuona. Mvua imenyesha na uyoga unachungulia. Nimeuomba uvumilie hadi Jumatatu.

Nikirudi nimekutana na Huguette, mikate kwapani. Akauliza kwa nini sikio langu ni la njano. Haradali, nikamwambia. Akauliza ni nani anayekula haradali kwa sikio. Kisha akasema, "Marcelin, kaka yangu, usifanye ujinga." Nikamjibu kwamba ujinga siujui.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwangua mavi ya njiwa kutwa nzima. Mgongo hauna habari nami tena.

Mnara umepata bendera (kitambaa cha meza cha Mama, upande usio na doa la divai). Umepata historia pia: shujaa Enguerrand de Delbreil alilala humu akitoka vitani, amejeruhiwa, akaponywa na mapenzi. Sijui ya nani. Nitaona sura za wageni kwanza. Kofia yake ya chuma naitundika juu ya mlango. Mtu asiikaribie sana, ni chujio la tambi.

Silali kwa furaha!

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi: wanakuja! Nimewaona kutoka dirishani wanafuata mistari yangu kwa adabu, fimbo mkononi, mmoja baada ya mwingine. Nimeruka kama ndama!

Jioni: niandike kwa utaratibu.

Waliupenda. Mama mmoja kutoka Limoges alitokwa na machozi kwa ajili ya Enguerrand. Meya alitembea na wageni hadi juu, njiwa akambariki begani, na bado akasema, haya Marcelin, umeshinda, nitauchora. Wakapiga makofi. Nikainama. Nilitafuta uso wa Peyrichou kwenye umati ili niufaidi.

Hakuwapo.

Alifika watu wakifungua jibini zao. Alitoka upande wa msituni, meno yote nje, kikapu mkononi, fulana juu ya kikapu. Akaomba kikaango changu. Akaomba mayai yangu. Hata kitunguu saumu akaomba! Mimi kwa ushindi nilimpa kila kitu. Kisha akaitoa ile fulana.

Niliutambua uyoga ule kabla ya kuunusa.

Akapika kimanda kwa watu wote, kwenye kasri langu, huku akiwasimulia. Amesema ameujua msitu ule tangu ujana, na upande ule hapajawahi kuwa na njia. Sasa mtu anakataza watu wasipite mahali ambapo hata mbwa hapiti, kwa sababu gani? Akanigeukia na kijiko. "Dalili ya mvua ni mawingu, shemeji. Na dalili ya uyoga ni X. Asante kwa kunionyesha, mimi na magoti yangu tungetafuta hadi kaburini."

Walicheka wote. Mama wa Limoges pia, na machozi yake bado hayajakauka!

Nimekula sahani tatu. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda Mahali pa Mama. Vimebaki vishina tu, vimekatwa kwa kisu, vizuri, kama anavyokata Huguette.

Nimemfuata dada nikamshtaki mumewe. Aliendelea kumenya viazi. Akasema mumewe ndiye aliyekata, ila kisu ni chake yeye. Nikapiga kelele kwamba Mama aliniachia mimi siri, mimi peke yangu, kwa sababu binti angemwambia mumewe.

Akaweka kiazi chini. Amesema Mama alimwambia na yeye pia. Wiki ileile, kitanda kilekile, mkono uleule. Tangu siku hiyo amelala ubavuni kwa Peyrichou, vuli baada ya vuli, anamsikia akiota uyoga kwa sauti, na hakutamka neno. "Mimi sikusema, Marcelin. Wewe umepaka rangi."

Nikamsaidia kumenya viazi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mnara umechorwa! Ni mdogo kuliko mbuzi wa Peyrichou, lakini upo. Nimeutazama hadi meya akafunga ofisi.

Na si hilo tu! Nyuma ya ukuta wa makaburi ya zamani, chini ya mwaloni mmoja, nimeona uyoga. Mchanga, mnono, hajaujua mtu! Safari hii siri inakufa nami. Huguette sijamwambia, licha ya kwamba anaaminika. Tatizo pekee: mialoni ya pale inafanana, na kichwa changu si kile cha zamani. Nikipotea je?

Nimepaka alama moja tu, shinani. X. Ndogo. Ya njano, kwa kuwa ndiyo rangi iliyobaki koponi.

Nikirudi nimempita Peyrichou anapunga upepo, kikapu mkononi. Mpole leo, hana hata utani. Akauliza tu sikio langu limefanyaje. Haradali, nikamwambia.

Ameamini kabisa.