Bakteria wa Kuazima

Jumamosi, 4 Machi
Shangazi ametugawia bustani ya maharage nyuma ya nyumba: nusu yangu, nusu ya mdogo wangu wa kike. Atakayekuza maharage mazuri zaidi atapumzika kila Jumamosi hadi shule zifungwe. Nikishinda mimi, nitashinda maktabani na kile kitabu kinene cha nyota kisichoruhusiwa kutoka nje. Akishinda yeye, atacheza mpira. Hasara tupu!
Yeye kashika jembe tangu asubuhi. Mimi nimetumia akili: dawa ya magugu. Maelekezo yanasema kifuniko kimoja kwa bomba moja la kunyunyizia. Nimetia vitatu, kwa uhakika. Kisha nikasoma kivulini.

Jumamosi, 25 Machi
Kwangu hakuna hata gugu moja. Ila maharage ni ya njano. Ya mdogo wangu ni kijani mpaka yanakera. Anapita na jembe begani akiniita Daktari wa Majani. Jibu zuri nilipata, lakini wakati wa kulala.

Jumatatu, 27 Machi
Nimemsubiri mwalimu wa kilimo mpaka wenzangu wakatoka, ndipo nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema kwenye mizizi ya maharage kuna vinundu, na ndani yake bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Dawa ikizidi, bakteria huweza kufa na vinundu visiote. Rafiki yangu ang'oe mche mmoja atazame.
Nimeng'oa mstari mzima. Mizizi mitupu! Na mstari nao haupo tena.

Jumanne, 28 Machi
Mpango: kuazima bakteria. Asubuhi nimechota udongo wa mdogo wangu kwa beseni la kufulia. Kugeuka, huyo hapo, mswaki mdomoni. Nikamweleza kwamba ni viumbe wasioonekana na nitawarudisha.
"Kaka, hata udongo unaiba?" akasema. "Sema umeshindwa, nikusaidie kupalilia."
Kunisaidia! Mimi mkubwa wake! Nimekataa kwa adabu.

Jumamosi, 8 Aprili
Ukaguzi. Mche wa mdogo wangu umetoka na vinundu tele. Shangazi amepasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu, yaani bakteria wako kazini. Mimi nimemwonyesha changu cha pekee. Amekifinya. Amekifinya tena.
"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ni changarawe."
Jumamosi zote zimekwenda kwa mpira. Mimi nitapalilia bustani nzima, kwa mkono. Kwenye nyota nilikuwa nimefika sura ya tatu.

Jumapili, 9 Aprili
Nimepalilia mstari mmoja. Mgongo umekataa. Jioni nimepita duka la pembejeo nikapata dawa nyingine, na safari hii nimesoma maelekezo yote kwa makini. Maelekezo hayataji bakteria popote, kwa hiyo wako salama. Inaua mimea yenye majani mapana tu. Nimechungulia bustanini: magugu yote yana majani mapana, yanalingana kabisa na ya maharage. Kesho naamka mapema.