Alama Kumi na Nane na Swichi Kuu

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Jioni,

Jumanne iliyopita, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, nilipoteza alama kumi na nane kwenye jaribio la fizikia. Zilikatwa na mwalimu wako wa umeme, kijana mwenye adabu ambaye hajawahi kupigwa shoti. Nimepata 19 kati ya 50. Kufaulu ni 25, na asiyefaulu hapewi leseni ya ufundi. Nimefunga umeme nyumba mia mbili na kumi na mbili bila kuunguza hata pazia. Ya mia mbili na kumi na tatu imesimama, inasubiri leseni hiyo. Alama kumi na tatu nyingine nilizikosa kihalali, sina neno nazo.

1. Swali la pili, alama 4. Chaji mbili za maikrokulombi tatu kila moja zimeachwa wazi, sentimita thelathini kati yao, bila boksi wala kifuniko. Tukaulizwa zinasukumana kwa kani gani. Nilipata nyutoni 0.9, sahihi kabisa, ila juu yake niliandika "Zima swichi kuu", maana ndivyo ninavyoanza kazi yoyote, mwaka wa ishirini na sita huu. Akakata zote nne, akaandika kwamba nimeliua swali kabla ya kulijibu.

2. Swali la tatu, alama 8. Anafundisha kwamba katikati ya chaji hizohizo uga wa umeme ni sifuri, kwa sababu zinasukuma sawasawa kutoka pande mbili. Nikakubali. Kisha kwenye nukta ileile anataka niandike volti laki tatu na sitini elfu. Ndugu Mkuu, mahali hapo hapaitwi sifuri, panaitwa msiba. Nikajibu: "Sipagusi." Nilipomfuata ofisini aliniambia kwa upole, "Mzee, hizi ni chaji za kwenye karatasi." Nikamjibu kwamba kila nyumba iliyoungua mtaani kwetu ilianzia kwenye karatasi.

3. Swali la tano, alama 6. Chaji nyingine inaletwa kutoka mbali kusiko na mwisho, nasi tutafute kazi iliyofanyika. Hata kwa pikipiki yangu, aliyetumwa kuileta bado yuko njiani. Nikaandika kazi haijaisha.

4. Hili halina alama, ila linauma. Juu ya karatasi ya jaribio imeandikwa, "Puuza uvutano wa dunia." Niliupuuza mara moja, juu ya ngazi ya mita nne. Bega langu lina skrubu sita.

Kwa hiyo nirudishiwe alama zangu, kila chaji ya mtihani iwe na swichi yake, na somo la uga lisimame chuoni mpaka mwalimu aishike nukta ile kwa mkono mtupu mbele ya mashahidi wawili.

Nisalimie karani, mlinzi wa getini na darasa zima, hata yule fundi friji aliyepata 44.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, dawati la nyuma,
Fundi Testa

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii hapo kwenye cherehani yake, akauliza bila kuinua uso, "Na wale ndege wa kwenye waya wa nguzo, baba, nani huwazimia swichi?" Nilitoka kuwatazama. Walikuwa saba, juu ya volti elfu kumi na moja, wanajikuna: volti nyingi, msukumo sifuri. Swali la tatu nimelifanya upya nyuma ya bahasha, limetoka. Basi nijibu moja tu, kabla ya saa sita mchana Ijumaa: jaribio la marudio ni lini?