Nusu Dawa, Nusu Unga

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Dozi alifunga mlango wa chumba chake cha kupanga, akatandika gazeti mezani na kuanza kazi. Alifungua kidonge cha antibayotiki kilichonunuliwa halali dukani, akahamishia nusu ya poda kwenye ganda tupu, kisha akaziba mapengo kwa unga wa ngano. Kidonge kimoja kikazaa viwili. Wenzake hufuga kuku. Yeye alifuga dawa.

Asubuhi hiyo mayowe yalimkatiza. Yalitoka shule iliyo ng'ambo ya ukuta. Dozi alipanda juu ya ndoo, akachungulia. Wanafunzi walikuwa wameizunguka meza ya mtaalamu wa maabara, mama mwembamba aliyekuja kuwafundisha habari za vijidudu. Alikuwa ameinua sahani ya kioo iliyotapakaa madoa ya manjano.

"Hii ni mikono yenu," alisema. "Jana mligusa humu, leo vijidudu vimestawi."

Wanafunzi walipiga kelele, wakajipangusa kwenye sare kana kwamba sare ndizo safi. Mwenye huruma angeona watoto wameshtuka. Dozi aliona wateja.

Muda si mrefu alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi mbele tu.

"Mwalimu, shule yako imevamiwa. Kila mwanafunzi ameze kidonge kimoja kila Jumatatu, kama kinga. Lipa kwa fedha za usafi."

Mkuu wa shule alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa maadili, hasa siku ya mgeni rasmi. "Na ofisi yangu je?"

"Ofisi yako nayo ina vijidudu, Mwalimu. Itapata kinga yake, ndani ya bahasha."

Wakapeana mikono, wakatoka nje kutangaza neema. Mtaalamu alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Antibayotiki haitafunwi kama karanga. Ukiimeza ovyo, unaua vijidudu dhaifu. Vile sugu vinabaki, vinazaana, na siku ukiumwa kweli, dawa inavipita kama mgeni asiyefahamika."

"Dada yangu," Dozi alitabasamu, "vitabu ni vitabu. Mimi nimemeza vidonge hivi mwaka mzima. Hebu nitazame!"

Wakamtazama. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mbona kidole umekifunga kitambaa?"

"Bati lilinichana tu, mwanangu. Kinapona."

Hakikuwa kinapona. Kilikuwa kimevimba na kuiva, na usiku kilimpigia ngoma hadi begani. Dozi alikuwa akijitibu kwa bidhaa yake mwenyewe: kikiuma anameza, kikitulia anaacha. Kidonge kizima hakukigusa. Kula kitu kinachoweza kuuzwa mara mbili kulimuuma kuliko kidole. Wezi wengi huiba nje, nyumbani wakapumzika; Dozi alijiibia hata yeye mwenyewe.

"Basi tukipime," alisema mtaalamu. "Kama kinga yako ni kweli, wanafunzi wataona."

Wanafunzi wakashangilia. Dozi angekataaje? Mtaalamu alivaa glavu, akapitisha kijiti cha pamba kwenye kidonda, akapaka sahani mpya, akaweka katikati kipande cha karatasi chenye dawa halisi, aina ileile ya Dozi. Sahani ya pili aliipaka vijidudu vya kawaida vya maabara, akaiweka dawa hiyohiyo. Akazifunga zote kwa utepe, akaziacha kwenye joto hadi kesho yake.

Kesho yake mkuu wa shule alikaa kiti cha mbele, maboksi ya vidonge yakiwa ubavuni. Dozi alikuwa akitetemeka kwa homa, lakini mdomo ulikuwa mzima.

Mtaalamu aliinua sahani ya kawaida. Kuizunguka dawa palikuwa na duara safi, vijidudu vimekwisha. Akainua sahani ya Dozi. Hapakuwa na duara. Vijidudu vilikuwa vimejaa hadi vikapanda juu ya karatasi ya dawa, vimekaa kama wapangaji wasiotaka kuhama.

"Lo!" msichana yule alisema. "Vimeigeuza dawa kitanda!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mkuu wa shule, mwepesi kuliko kijidudu chochote, alisimama akipiga makofi. "Hongera, bwana! Hili ndilo tulilopanga mjifunze, wanangu!" Huku akisema, aliyasukuma maboksi kwa kisigino.

Mtaalamu hakucheka. Alimsogelea Dozi, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nenda hospitali leo hii. Uvimbe umefika kiganjani. Watakuuliza umemeza nini na kiasi gani, ili wachague dawa nyingine. Ukiwadanganya, watakosea dawa, na mkono utakatwa."

"Nimemeza dozi kamili," Dozi alisema.

"Kamili?"

"Ya kitaalamu. Ya kimataifa. Ya…"

Maneno, yaliyomlisha miaka yote, yalimkaukia. Akayatazama maboksi, akamtazama mkuu wa shule ambaye malipo yalikuwa bado mfukoni mwake, akautazama mkono wake.

"Ni nusu," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti hadi wa mwisho akageuka: "Ni nusu dawa, nusu unga! Vyote! Hata nilivyomeza mimi! Naogopa, dada. Nipelekeni hospitali."