Programu ya Zamu za Ngazi

Jumatatu, 3 Juni

Wamenikubali! Barua pepe imeingia nikiwa kikaoni, nikapiga meza kwa furaha. Bosi alidhani naunga mkono hoja yake. Sasa nimo kwenye kamati ya usafi wa jokofu la ofisi. Si kitu.

Jumatano ya wiki ijayo nitasimama mbele ya kongamano la watengeneza programu. Mimi! Miaka yote nimekaa viti vya nyuma kwenye darasa letu la Jumamosi, pale tunapofundishana wenyewe kwa wenyewe, nikiwapigia wengine makofi. Na kuna kubwa zaidi. Anayeliongoza darasa hilo anahama. Dada mratibu wa darasa amesema wazi kwamba atachagua kiongozi mpya baada ya kongamano, na anamtaka mtu aliyetengeneza kitu kikaisha na watu wakakitumia. Naitaka nafasi hiyo mno.

Tatizo dogo. Kwenye maombi niliandika kwamba programu yangu ya kupanga zamu za kufagia ngazi inatumiwa na jengo zima ninaloishi. Ukweli ni kwamba programu hiyo ina jina, nembo na ukurasa wa kuingilia. Ukishaingia, hukuti kitu. Lakini nembo ni nzuri sana.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza ni jengo gani hilo linaloitumia. Nimesema ni hili. Amechungulia dirishani kama anayehakikisha kwamba hatujahama. Kisha akasema njia ya mwongo ni fupi, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kazi kwa nguvu. Nimeifungua programu, nikaisoma, nikashika kichwa. Nani aliandika uchafu huu? Mimi, mwaka jana. Haitengenezeki. Nimeamua kuiandika upya kwa lugha ya kompyuta iliyotoka majuzi, ambayo kila mtu anaisifu na hakuna anayeijua. Mimi pia siijui. Tutajuana mbele ya safari.

Mafanikio ya leo: kitufe cha kijani chenye kivuli. Ukikibonyeza kinazama kidogo, kama kimekuelewa. Nimekibonyeza sana. Nimemwita mke wangu naye akibonyeze. Ameuliza kinafanya nini. Nimesema kwa sasa kinazama.

Profesa naye atazungumza kwenye kongamano. Huyu ni mwenzangu wa ofisini, tumekaa tukitazamana, na jina hilo amelipata kwa sababu ya miwani, si elimu. Amenionyesha kazi yake. Ni kijiprogramu kinachomkumbusha mtu wa mwisho kutoka ofisini afunge madirisha. Basi. Hakina hata nembo. Alikimaliza zamani na madirisha yanafungwa. Nimempongeza huku nikimwonea huruma. Eti na yeye anaitaka nafasi ya darasa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetafuta watumiaji. Nimebisha hodi mlango kwa mlango, simu mkononi, tabasamu usoni.

Fundi cherehani, anayeishi na kushonea chumba cha chini, aliniuliza ile karatasi iliyobandikwa mlangoni ina kosa gani. Kweli, ipo karatasi. Imeandikwa kwa mkono zamu ya kila nyumba, na watu wanaifuata kama saa. Nikamweleza kwamba karatasi haiwezi kumtumia ujumbe. Akasema pia haijawahi kumwomba nywila. Hata hivyo alinipa namba yake ili nimwondokee arudi kwenye pindo la gauni.

Mama mkwe wangu anakaa ghorofa ya juu yetu. Nilimwamkia, nikaketi ukingoni mwa kiti kama inavyompasa mkwe. Akaniachia simu yake niweke programu. Akauliza, kwa upole mtupu, kama hii ndiyo ile itakayoisha. Nikasema nakaribia. Humu jengoni wananiita Bwana Nakaribia. Namshuku yeye.

Majirani wote nimewapata, namba zao nimeziingiza. Kilichobaki ni kuwafanya waihitaji programu. Na hawataihitaji maadamu karatasi ipo. Wakati wa kushuka kutupa taka, niliibandua. Nimeikunja vizuri nikaitia mfukoni. Huu si wizi, ni mageuzi.

Jumapili, 9 Juni

Ngazi zimechafuka kupita kiasi. Mpango wangu unakwenda vizuri! Watu wanategeana. Fundi cherehani anasema zamu ni ya ghorofa ya juu, mama mkwe anasema ni ya chini, na mke wangu ananitazama mimi. Nimejitia hamnazo.

Habari njema kuliko zote: programu inatuma ujumbe! Kuna swichi yenye pande mbili. Ikiwa upande wa majaribio, ujumbe wote unakuja kwenye simu yangu peke yangu. Ikiwa upande wa kweli, kila jirani anapata wake. Nimeshinda mchana kutwa upande wa majaribio.

Mwanzoni nilikuwa naandika “jaribio, jaribio”. Inachosha. Kila mtengeneza programu anajua kwamba ujumbe wa majaribio ndiyo starehe pekee ya kazi hii. Nikaanza kunogesha. Fundi cherehani nilimwandikia kwamba nyuzi anazoangusha ngazini zinatosha kushona pazia la ukumbi. Mama mkwe nikamwandikia: “Mama, ufagio hauna meno. Ushike tu.” Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Nikafunika skrini. Yeye pia anao ujumbe wake.

Nitaufuta wote kabla ya Jumatano.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa bafuni. Ndipo mahali pekee penye komeo.

Ukumbi ulijaa. Dada mratibu alikaa mbele, na mke wangu pembeni yake, amevaa vizuri, maana nilimwomba aje awe shahidi. Simu yangu ilikuwa imeunganishwa na projekta na vipaza sauti, ili kila mtu aone na kusikia. Nilianza vyema. Nilizungumzia matatizo ya ngazi za leo. Walitikisa vichwa, na wawili waliandika nilichosema. Kwa muda huo mfupi nilijiona mtu. Nasema kweli, sijawahi kujisikia vizuri namna ile.

Kisha nikapata wazo. Kwa nini simu ya mke wangu isilie hapohapo mbele ya watu? Nikageuza swichi upande wa kweli. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Kikazama.

Kilipozama ndipo nikakumbuka mambo mawili. Kitufe kinawatumia wote. Na sikufuta kitu.

Simu ya mke wangu ikalia. Ukumbi ukapiga makofi. Dada mratibu, kwa nia njema kabisa, akamwomba awasomee ujumbe. Nilimpa ishara ya jicho. Mke wangu akasimama, akarekebisha mtandio, akasoma kwa sauti ya kutulia kwamba mke mpenzi anakumbushwa kuwa ngazi hazifagiliwi kwa macho. Akakaa. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka nao, nikisema ni ucheshi wa kuwavutia watumiaji. Jasho jembamba lilinitoka.

Hapo skrini kubwa nyuma yangu ikaandika kwamba Mama Mkwe anapiga. Nikataka kukata. Kidole kilikuwa kimelowa, nikapokea.

Sauti yake ilitoka kwenye kila pembe ya ukumbi. Aliuliza kama ni mimi niliyemwandikia maneno yale au simu yangu imeibwa. Alisema amezaa, amelea na amefagia tangu mimi sijajua kuvaa kaptura. Fundi cherehani alikuwa pembeni yake akidakia kuhusu nyuzi. Nikajaribu kumtuliza, nikamwambia huo ni mfumo tu, Mama, huu ambao jengo zima tunautumia. Akasema hapa jengoni hakuna anayetumia mfumo wowote. Walikuwa na karatasi yao, akasema, mpaka mwizi asiye na haya alipoibandua.

Dada mratibu alikuwa ananitazama, na hakukuwa na hasira usoni pake. Afadhali angekasirika.

Baada yangu alipanda Profesa. Alieleza habari ya madirisha kwa dakika chache, akashuka. Walimpigia makofi kwa kusimama.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kuomba radhi juu na chini. Fundi cherehani alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikujua kama amenisamehe. Mama mkwe hakunipa kiti. Nikasimama mlangoni kama mleta mzigo, nikasema nimekosa. Halafu akasema yeye maneno ya ufagio amekwisha kuyameza, kilichomuuma ni kwamba nilikaa kwenye kiti chake, nikanywa maji yake, huku najua nitakwenda kumtaja kwa uongo mbele za watu. Nilishuka polepole.

Nimeirudisha karatasi mahali pake. Mke wangu aliniangalia nikiibandika, akasema kuanzia leo nyumba zote zimepumzishwa zamu na mfagiaji ni mmoja. Sikuuliza ni nani.

Lakini jana, nasikia, kwa hasira ya ujumbe wangu, mama mkwe alifagia ngazi kuanzia juu, fundi cherehani akafagia kuanzia chini, wakakutana katikati. Ngazi zinang'aa. Siongezi neno. Nasema tu kwamba mfumo ulitoa matokeo.

Jumamosi, 15 Juni

Nilifikiri nisiende darasani. Mke wangu akasema aibu haifi kwa kulala. Nikaenda, nikakaa nyuma.

Dada mratibu amemtangaza Profesa kuwa kiongozi. Nilipiga makofi. Mikono ilipiga yenyewe, mimi nilikuwa natazama ubao nikijiona pale mbele, chaki mkononi. Iliniuma na bado inaniuma.

Profesa hakujigamba, jambo lililonikera zaidi. Amesema somo lake la kwanza ni kumaliza. Kila mmoja aandike kijiprogramu kinachomuuliza mtu jina lake na kumsalimia, basi, alete Jumamosi ijayo. Wakati wa kutoka alinishika bega. Akasema dada mratibu bado anatafuta msaidizi wa darasa, na yeye amenitaja mimi, nikileta zoezi hili limekamilika. Kazi ya nusu saa, akasema. Amenihesabia mtu! Nusura nimwage machozi kwenye miwani yake. Nimeapa. Safari hii mambo madogo, na nitayamaliza.

Ijumaa, 21 Juni

Zoezi linaendelea vizuri sana.

Siku ya kwanza nilikaa kuliandika, nikagundua kasoro katika fikra za Profesa. Atakusanyaje mazoezi ya darasa zima? Kwa mkono? Atajuaje nani amemaliza na nani bado? Maskini, hakuwaza mbali. Nimeamua kumsaidia. Ninamtengenezea mfumo wa kupokea mazoezi, kuyasahihisha na kuwakumbusha wanaochelewa. Wiki nzima nimekuwa juu yake. Tayari una ramani ya kurasa, rangi mbili za kuchagua na mahali pa kuweka picha ya kiongozi. Dada mratibu akiuona, habari ya msaidizi itakuwa ndogo.

Mke wangu ameuliza kama lile la kusalimia limekwisha. Nimemwambia hilo ni dogo mno, halihitaji haraka. Amenipa ufagio.

Nilipomaliza ngazi nimeona tangazo la kongamano jingine, kubwa zaidi, na mwisho wa maombi ni leo. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nimeandika maombi palepale nikiwa nimesimama. Nimewaeleza kwamba darasa zima linautumia mfumo wangu na kwamba kiongozi wetu hawezi kufundisha bila huo. Wamejibu kwamba wameyapokea.

Zoezi la Profesa nitalifanya nikipata nafasi.