Wanachama Wangu Hawaumwi

Jumatatu, 5 Machi 2001. Nkololo.
Balaa! Keshokutwa anakuja mtafiti kupima kama Mfuko wa Afya ya Jamii umeanza kusaidia watu. Mhamasishaji ni mimi. Nisipoonyesha matunda, kazi anapewa Ngeleja, jirani yangu, ambaye ameshaanza kuvaa viatu hata akienda kisimani. Wanachama ninao. Tatizo hawaumwi! Kadi zimelala masandukuni, zahanati tupu. Nesi Scola anasema hiyo ni habari njema. Njema kwake!

Jumanne, 6 Machi.
Nimezunguka kaya kwa kaya. Nimewaomba kesho waje na kadi, waumwe kidogo tu. Mzee Machibya kauliza aumwe nini. Nikamwambia achague mwenyewe. Kachagua goti. Mayu Kwandu, mama mtu mzima, kagoma. Eti kulipia ugonjwa ambao haujafika kulimtia shaka tangu mwanzo, leo tena auite? Nimembembeleza mpaka koo limekauka. Kakubali tumbo.

Jumatano, 7 Machi.
Wakajaa! Foleni mpaka barabarani. Nikajiona mkuu wa wilaya.
Mtafiti akawahoji. Kisha akaenda kuwahoji wasio na kadi. Wako shambani wanapalilia pamba, wazima, wanaimba! Akarudi akatangaza mbele ya wote kwamba, kwa dalili za mwanzo, wenye kadi wanaumwa kuliko wasio nazo.
Mayu Kwandu akasimama. Akasema si aliwaambia? Kadi inaita ugonjwa! Wakanirudishia kadi, wengine kwa kunirushia. Mzee Machibya alikimbia, na goti lake. Ngeleja alicheka mpaka akakaa chini. Nyoko!

Ijumaa, 9 Machi.
Mtafiti haamini alichokiona. Atarudi Jumatatu kuhakikisha. Afadhali! Kosa nimelijua: wagonjwa walizidi. Wanachama wachache waliobaki nimewakataza kusogelea zahanati. Hata kukohoa wakoholee ndani.

Jumatatu, 12 Machi.
Homa! Imenikamata tangu jana, natetemeka mpaka kalamu inaruka. Mke wangu Nyanjige analia twende zahanati. Anauliza kadi tuliichukua ya nini kama siyo kwa siku hii. Jamani, huyu mwanamke! Mtafiti yuko pale pale mlangoni. Mhamasishaji mwenyewe nikionekana naumwa, si nimekwisha?
Lakini akili bado inafanya kazi. Nimemtuma Nyanjige pale zahanati akaninunulie dawa kwa fedha yangu, mgonjwa aandikishe jina la Ngeleja. Ngeleja hana kadi.