Sheria Haina Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika! Nimemtoa Twiga, yule mrefu wa chumba cha kona. Kumbe hana chumba, analala kitanda kimoja na rafiki yake. Kubebana! Kwenye ghorofa ya pili, ambako kiranja ni mimi! Begi lake nimeliweka koridoni kwa mikono yangu. Akasema hana pa kwenda. Nikamwambia sheria haina shemeji. Maneno mazito. Natumaini Mama Mlezi, mkuu wa bweni, aliyasikia. Kiranja akikiuka sheria anapoteza cheo na chumba cha peke yake, na chumba changu nakipenda kuliko ndugu zangu wengi.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kapiga simu. Mwanawe kaanza mwaka wa kwanza, amekosa chumba, nimpokee. Nikaanza kumweleza sheria. Akaniuliza nani alinilea mama alipougua. Nikasema aje. Binamu kafika na godoro kichwani, anasalimia kila mtu ngazini na kujitambulisha. Nilitamani kumeza ufunguo.

Alhamisi, 6 Machi
Binamu anakoroma. Anakunja blanketi langu kabla sijatoka ndani yake. Anadeki bila kuombwa, mimi nateleza.

Leo Nidhamu, kiranja wa ghorofa ya tatu, filimbi shingoni utadhani refa, kanisimamisha mbele ya watu. Eti mgeni wangu anaondoka lini? Nikasema si mgeni, ni fundi wa feni. Akasema chumba changu hakina feni. Watu wakacheka mpaka wakashika ukuta! Twiga naye alikuwepo, macho mekundu, siku hizi analala chumba cha kufulia. Akasema taratibu, mkuki kwa nguruwe. Hakumalizia. Usiku huu usingizi umenipaa. Si kwa ajili yake. Ni kule kukoroma.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango! Kesho Mama Mlezi anakagua. Binamu nimemhamishia stoo ya magodoro, ghorofa ya tatu, mlango kwa mlango na Nidhamu. Nimemwambia kwangu kunapigwa dawa ya kunguni. Kisha nikamnong'oneza Mama Mlezi aanzie juu. Nidhamu ataonekana ndiye kamficha, atang'oka, binamu atatoka, na Shangazi hatakuwa na la kunilaumu. Jamani, akili nimejaliwa!

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Binamu kafumaniwa stoo, kaulizwa nani kamleta. Mtu mwenye haya angedanganya. Yeye kasimama wima, kamwamkia Mama Mlezi kwa adabu zote, kasema ni kaka yake, kiranja wa ghorofa ya pili, mtu mwema sana, hata jana kamtafutia pa kulala maana kwake kuna kunguni.

Mama Mlezi akashuka na bomba la dawa. Kunguni hakuwaona. Aliona alama ya godoro la pili sakafuni. Nikasema yule ni damu yangu, ningefanyaje? Akaniuliza, Twiga alikuwa damu ya nani? Swali la uonevu!

Cheo kimekwenda. Chumba kimekwenda. Kitanda cha mwisho kilichokuwa wazi bwenini kapewa Twiga. Na kiranja mpya wa ghorofa ya pili, eti kwa sababu ya ukweli wake, ni binamu. Binamu! Hata ngazi za dharura hazijui!

Jumapili, 9 Machi
Sina pa kulala. Binamu kanikaribisha kwake, yaani chumbani kwangu. Kaniachia kitanda, yeye kalala chini. Unafiki mtupu! Kasema nikae mpaka nipate pangu, ila nisitokezetokeze, Mama Mlezi akijua atamng'oa. Kaka, alisema, nakuamini.

Maneno hayo yamenifungua macho. Kiranja anayebeba mtu! Huyo aking'olewa, cheo kinabaki wazi, na nani anaijua kazi yake kunishinda? Nimekwenda mbio kwa Mama Mlezi. Nimemwambia ghorofa ya pili, chumba cha kiranja, kuna mtu anabebwa, aje amkamate akiwa bado kitandani. Kaniangalia muda mrefu sana, akasema atakuja kesho asubuhi.

Nalala mapema. Nataka akigonga nimfungulie mimi mwenyewe.