Ombi la Kuwafundisha Mabibi wa Ufukweni Kugombana

Mwl. Demetria Kamugisha (mstaafu),
Nyuma ya soko la samaki,
Kunduchi, Dar es Salaam.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Televisheni inayorusha "Mabibi wa Ufukweni" kila Alhamisi jioni.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA KIPINDI CHENU MPAKA WAHUSIKA WAJUE KUGOMBANA

Naomba Mungu barua hii ikukute umeshakula, maana ni ndefu na ina uchungu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansikimu. Nimewafundisha wasichana kupika, kukaa na kupokea wageni, na baadhi yao leo ni wake za watu wakubwa. Si mtu wa kulalamika. Nilimwomba mume wangu aje athibitishe hilo kwa sahihi yake, akacheka, akatoka nje kumwagilia bustani ambayo hatuna.

Sikuandikii kuhusu utajiri wa wale mabibi. Mwenye nacho na awe nacho. Wala siwasemi kope zao, ingawa yule Bi Vaileth mwenye saluni akikonyeza naona kama pazia linashushwa. Ninachokilalamikia ni kwamba hawajui kugombana, na kutojua kwao kumeniletea hasara mtaani kwangu, kama nitakavyoeleza.

1. Ugomvi wao hauna msingi. Msimu mzima Bi Vaileth hasemi na Bi Tupokigwe, yule mwenye magari, kwa sababu eti walivaa magauni ya rangi moja kwenye sherehe. Mheshimiwa, huku kwetu wanawake wakivaa rangi moja hiyo ni sare, na anayenuna ni yule aliyekosa. Ugomvi wenye mizizi ni kama wangu na jirani yangu Zubeida Matar, ambaye ukuta wa uani kwake ndio wa uani kwangu. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Felicitas kabla ya ndoa, kamati ilimkalisha Zubeida nyuma ya spika la muziki. Hakumwona bibi harusi wala hakuiona ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingia, na masikio yake yalipiga kelele mpaka Jumatatu. Nilimweleza kwamba ni kamati. Akasema kamati haina uso, mimi ninao. Huo ndio msingi, na tumejenga juu yake miaka mingi bila ufa.

2. Hawajui kusema kwa vazi. Wanavaa magauni ya kutoka ng'ambo yasiyo na neno hata moja, kisha inabidi wapayuke kwa midomo. Mimi ni mtu wa bara. Kwetu Bukoba ukikosana na mtu unanyamaza, unazeeka, unakufa. Aliyenifundisha kugombana kwa kanga ni huyohuyo Zubeida, ambaye kwao wanauza vitambaa tangu enzi za babu yake. Baada ya ile sendofu alianika uani kanga yenye maneno makali kuhusu watu wasiojua kuweka wageni. Nikaona isiwe taabu, nami nikaenda kununua yangu, "Nimezoea kusemwa, semeni msichoke", nikaianika kwa madaha nikasubiri jirani aumie. Siku nzima kimya. Jioni akamtuma binti yake Khulud, ambaye aliniamkia vizuri, shikamoo yote, ndipo akaniambia kwamba mama anaomba niigeuze kanga, maana maandishi yameelekea chumbani kwangu na yeye huko aliko hasomi kitu. Nikaigeuza. Kesho yake akanijibu. Sasa niambie, Mheshimiwa, ni lini Bi Tupokigwe alimsaidia Bi Vaileth kumtukana vizuri?

3. Wanaacha chakula. Hili nalisema kama mwalimu. Meza imejaa kamba wakubwa, watu hawajaonja, mmoja anatupiwa neno dogo, anachukua mkoba na kuondoka. Halafu wote wanaondoka! Wale kamba wanaliwa na nani? Huku kwetu mtu akiudhika shughulini anakula kwanza, tena ananuna huku anatafuna, na akiondoka anafungiwa chakula cha watoto. Zubeida amenipa mgongo katika maulidi yote nyumbani kwake, lakini sahani yangu ya pilau ilikuwa na nyama kuliko ya shemeji yake. Sikumshukuru, na yeye hakutarajia. Hiyo ndiyo adabu.

4. Hawaendi kwenye misiba. Mama mkwe wa Bi Tupokigwe alipofariki, Bi Vaileth alituma ua. Si ua la mkononi, la kwenye simu. Nilizima televisheni. Mama yangu alipofariki, Zubeida ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia uani kwangu. Tulikuwa katikati ya ugomvi mkali kabisa. Hakunisemesha. Alikunja mikono, akawasha moto, akapika uji wa waombolezaji, na mpaka matanga yanaanuliwa alikuwa akisugua masufuria yangu na kuyalaani kwa sauti ya chini kwamba yana masizi ya karne. Nililia kwa ajili ya mama, Mheshimiwa, na kidogo nililia kwa ajili ya hayo masufuria.

5. Sasa nafika penye jeraha. Mwaka huu Zubeida ameanza kutazama kipindi chenu. Mwanzoni nilifurahi nikajua ataleta mbinu mpya. Kumbe! Baada ya ile sehemu ambayo Bi Vaileth aliwafungia marafiki zake wote kwenye simu na kutangaza kwamba "analinda amani yake", Zubeida naye akaanza kulinda yake. Amenifungia. Kamba ya uani haina kitu ila mashuka. Nilimwaga maji ya samaki karibu na mlango wake kwa makusudi, akanitabasamia na kuniita mpenzi. Mpenzi! Nilimtuma Khulud aulize kulikoni, jibu likaja kwamba mama anasema, "Mie sina ishu na mtu." Mheshimiwa, mtu akikununia ujue bado yupo nawe. Huyu hanuni. Ananipita kama ninavyopita mimi nguzo ya umeme. Nimeumia, naandika wazi, nimeumia sana, na mume wangu hawezi kuziba pengo hilo kwa sababu ukimchokoza anaomba radhi.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini utayaona ni madogo:

(a) Kipindi kisimamishwe mara moja.

(b) Mabibi wote waletwe Kunduchi kwa mafunzo. Nitawapokea kwangu bure. Watalala wawili wawili, adui na adui yake, na watatumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia.

(c) Mwisho wa mafunzo pawe na mtihani. Mtahiniwa atakalishwa nyuma ya spika, atanuna, atakula, atafungiwa chakula, na kesho yake atakwenda kumsaidia aliyemkosea kumenya vitunguu bila kumsemesha. Atakayetabasamu amefeli.

(d) Wizara inayohusika ione uwezekano wa kuufanya ugomvi wa jirani kuwa somo, kuanzia darasa la tano. Nipo tayari kurudi kazini.

(e) Na Bi Vaileth, kwa nafasi yake, atangaze mbele ya kamera kwamba mtu wa pwani mwenye ukuta mmoja na jirani yake hana haja ya kulinda amani yake.

Nasubiri majibu yako kwa heshima na kwa hamu. Nisalimie wafanyakazi wote, hasa kijana wa kamera, ambaye mkono wake hutetemeka matusi yakianza, mwambie awahi kula. Wasalimie na mabibi wenyewe. Sina kinyongo nao, na hilo ndilo tatizo lao.

Ni mimi niliyekosa wa kugombana naye,
Mwl. Demetria Kamugisha.

Nyongeza: Kabla sijabandika bahasha, king'amuzi cha Zubeida kimegoma, na Alhamisi ndiyo leo. Ameingia kwangu bila hodi, akakaa kwenye kochi la mume wangu, akasema amekuja kutazama tu. Bi Vaileth alipomwagia mwenzake juisi, mimi nikasema amefanya vyema. Zubeida akasema watu wa bara hatuna macho, mwenye haki ni Tupokigwe tangu siku ya kwanza. Nikamwambia asinifundishe ndani ya nyumba yangu. Akaniambia nyumba yenyewe inanuka samaki, na anajua nani aliyemwaga yale maji. Tumegombana mpaka taarifa ya habari ikaisha. Amekula, amenuna, na ameniambia kwamba Alhamisi ijayo atakuja mapema ili anionyeshe nilivyo mjinga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafute. Kipindi kiendelee, na kama bajeti inaruhusu kiwe kila siku. Nina ombi moja tu lililobaki, nakupigia magoti: wale wawili msiwapatanishe.